Mgumu kwa Nani?

Kiingereza kina ukoo mzima wa sifa za mtu asiyependa porojo: “hard-headed”, “hard-nosed”, “hard-boiled”, “tough-minded”, “unsentimental”, “no-nonsense”. Ukifungua magazeti ya London au New York utazikuta zimebandikwa kwa mawaziri wa fedha, kwa makocha wa mpira, kwa wahariri waliofariki, na kwa wanawake waliopanda vyeo, ingawa hao wa mwisho huandikwa kwa mshangao kidogo. Zote zinadai kitu kimoja kuhusu anayesifiwa, kwamba anayaona mambo yalivyo, hayapambi, na machozi ya mwingine hayamyumbishi anapoamua.

Niliwakutanisha watu watatu tuzijadili. Mmoja ni mfasiri wa riwaya za upelelezi. Wa pili ni mchumi, mwanamke aliyepitia ofisi za bajeti na anayejua namna mstari mmoja wa hesabu unavyoweza kufuta zahanati. Wa tatu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari, na mpaka leo anasoma gazeti akiwa na kalamu nyekundu. Swali nililowapa: sifa hizi zinaeleza tabia ya mtu, au zinampa kibali? Mimi nilikuwa mwenyekiti, wala sikujifanya sina upande.

MFASIRI: Naanzia jikoni, maana ndiko lilikotoka “hard-boiled”. Ni yai lililochemshwa mpaka kiini kikakauka. Wamarekani wakambandika mtu sifa hiyo, kisha ikahamia kwenye aina ya hadithi. Kulikuwa na jarida la bei poa, Black Mask, lililoanzishwa mwaka 1920 na H. L. Mencken na George Jean Nathan ili faida yake ilibebe jarida lao jingine la kifahari lililokuwa likiwatia hasara. Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, akaja kuandika humo hadithi za watu wenye sentensi fupi na maamuzi mazito. Soma The Maltese Falcon ya 1930. Huambiwi hata mara moja Sam Spade anajisikiaje. Unaambiwa anasokota sigara, basi. Na mwisho anamkabidhi kwa polisi mwanamke ambaye pengine anampenda. Nimtafsiri vipi mtu huyu? Mitaa yetu ya Dar ina watu wanaoitwa kauzu, kwa jina la dagaa waliokaushwa. Neno hilo nalo limetoka jikoni. Nimeona wanafanana.

MWALIMU: Hawafanani hata kidogo. Kauzu hana haya. Unamdai, anakutazama usoni. Unamsuta mbele za watu, anacheka na wewe. Spade ana haya tele, ndiyo maana anashughulisha vidole na sigara. Umemkausha mtu ambaye bado ana maji ndani.

MFASIRI: Basi nipe neno, Mwalimu.

MWALIMU: Neno sina, nina shaka. Kabla ya kutafuta kisawe tuulize sifa imetoka kinywani mwa nani. Mwaka 1948 Bertrand Russell alikuwa kwenye kipindi cha redio cha BBC, The Brains Trust, akazipanga sifa kwa nafsi kama tunavyopanga vitenzi darasani. Mimi nina msimamo, wewe mkaidi, yule mpumbavu mwenye kichwa cha nguruwe. Tabia ni hiyohiyo moja, kilichobadilika ni ukaribu wa msemaji na anayesemwa. Nami nasema ukoo huu wote wa “hard” ni wa nafsi ya kwanza. Tunajipa wenyewe, tunawapa rafiki zetu. Adui hapewi. Adui anaitwa katili, anaitwa mtu asiye na utu.

MCHUMI: Samahani, Mwalimu, hapo nakupinga. Januari 1976 gazeti la jeshi la Kisovieti, Krasnaya Zvezda, lilimwita Margaret Thatcher mwanamke wa chuma. Lilimkejeli. Kabla mwezi haujaisha yeye mwenyewe alikuwa ameshalivaa jina hilo mbele ya wapiga kura wake, akionyesha furaha. Alipokuwa waziri mkuu, mawaziri waliosita kubana matumizi ya serikali wakaitwa waliolowa, na waliomuunga mkono wakaitwa wakavu. Kwa hiyo adui naye hugawa sifa hizi, na mwenye akili huzipokea. Tusiishie kwa msemaji. Tuulize kama ugumu wenyewe unafanya kazi.

MWALIMU: Unafanya?

MCHUMI: Twende Nacala, pwani ya kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1979 mpaka 1981 daktari Msweden, Hans Rosling, alifanya kazi huko katika wilaya yenye watu wengi mno na madaktari wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vikabaki. Katika kitabu chake Factfulness, kilichotoka 2018 baada ya yeye kufariki, anasimulia alivyogombana na rafiki yake, naye daktari, aliyekuja kumtembelea. Ameletwa mtoto anayeharisha, amekauka maji mwilini. Mgeni anataka atundikiwe dripu. Rosling anatumia mpira wa kupitisha maji puani mpaka tumboni, maana unawekwa haraka na kazi nyingine inaendelea. Rafiki akakasirika, akasema kila mgonjwa aliye mbele yako anastahili bora kabisa unaloweza. Unajua Rosling alifanya nini baadaye? Alihesabu. Alihesabu watoto wanaofia hospitalini kwake, kisha akakadiria wanaofia majumbani wilaya nzima bila kuonwa na mhudumu wa afya hata mmoja. Wa pili walikuwa wengi kupita kiasi. Saa nzima ya kuhangaika na mshipa wa mtoto mmoja ilikuwa saa iliyoporwa kwenye chanjo na kwenye mafunzo ya wahudumu wa vijijini. Hiyo ndiyo “unsentimental” ninayoitetea. Huruma ya kawaida humwona aliye kitandani. Hesabu humwona na aliye nyuma ya kilima.

MFASIRI: Na Florence Nightingale je? Watu wanakumbuka taa yake tu.

MCHUMI: Naye huyohuyo. Walimchora kama malaika wa wodini, lakini silaha yake ilikuwa takwimu. Mwaka 1858 alitoa michoro iliyoonyesha kwamba katika vita vya Crimea magonjwa yaliua askari wengi kuliko majeraha. Chama cha wanatakwimu cha London kikampokea akiwa mwanamke wa kwanza kuingia humo. Machozi yasingewaamsha majenerali. Mchoro ule uliwaamsha.

Hoja ya Nacala ni nzito, na mtu hawezi kuikwepa kwa kusema kila uhai una thamani. Rosling aliwahesabu watoto wa nje kwa sababu hiyohiyo. Nilimtazama Mwalimu nikijua atatafuta mlango wa pembeni. Hakutafuta, alipita wa mbele.

MWALIMU: Nakubali. Huyo nampa sifa anayotaka. Lakini ona alikuwa wapi, binti yangu. Alikuwa palepale. Mtoto yuko mikononi mwake, mama wa mtoto anamtazama, na uamuzi akishaufanya atalala nao. Sasa tutoke Nacala twende Washington, Desemba 1991. Ndani ya Benki ya Dunia unazungushwa waraka wenye sahihi ya mchumi mkuu wa benki hiyo, Lawrence Summers. Unasema, kwa hesabu za kiuchumi, kupeleka taka zenye sumu katika nchi yenye mishahara midogo kuliko zote ni jambo lisilo na dosari. Sababu? Gharama ya maradhi na vifo hupimwa kwa kipato kinachopotea, na kipato cha huko ni kidogo. Waraka unaongeza kwamba nchi za Afrika zenye watu wachache hazijachafuliwa vya kutosha. Sijui kama kuna maandishi yaliyostahili zaidi kuitwa “hard-headed”.

MCHUMI: Mwalimu, tuwe waadilifu. Waliohusika walieleza baadaye. Aliyeuandika ni msaidizi wake, Lant Pritchett, na walisema ulikuwa kejeli, uchokozi wa kuwafikirisha wenzao.

MWALIMU: Wacha uwe kejeli. Gazeti la The Economist lilipouchapisha mwanzoni mwa 1992, mbona wasomaji hawakuitambua kejeli? Kwa sababu lugha ile walikuwa wameshaizoea, ilisikika kama kazi ya kawaida ya Jumatatu asubuhi. José Lutzenberger, aliyekuwa akisimamia mazingira katika serikali ya Brazil, aliwajibu kwamba mantiki yao imenyooka kabisa na ni wazimu mtupu. Haikupita muda akafukuzwa kazi. Na aliyetia sahihi? Mwaka 1999 akawa waziri wa fedha wa Marekani, mwaka 2001 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard. Ugumu wake haukumgharimu kitu.

MCHUMI: Nikwambie kinachoniudhi kwenye waraka ule? Hauna ugumu wa kutosha.

MFASIRI: Enhe?

MCHUMI: Kweli. Ni uvivu uliovaa suti. Mtu mgumu halisi angeanza kwa kuuliza nani atapima sumu ikivuja, nani atamshtaki aliyeileta, nani kaulizwa kabla. Majibu hayakuwa siri. Mwaka 1988, katika mji mdogo wa bandari wa Koko, Nigeria, ilibainika kwamba taka za sumu kutoka Italia zimepangwa ndani ya mapipa katika kiwanja cha mwananchi, naye akilipwa kodi kiduchu ya mwezi. Hakujua anahifadhi nini. Januari 1991, miezi kumi na moja kabla ya waraka huo, nchi za Afrika zilikuwa zimekutana Bamako na kupitisha mkataba wa kuzuia taka za aina hiyo zisiingizwe barani. Kwa hiyo ukweli ulikuwa mezani. Waraka ulidai unaangalia ukweli bila kupepesa macho, na haukuuangalia. Mimi sipingi ugumu, Mwalimu, napinga ugumu wa kuigiza.

MFASIRI: Mnanikumbusha jambo. Wawindaji wa Kiingereza walikuwa wakimwita mbwa “hard-nosed” anaposhindwa kunusa nyayo za mnyama. Leo unaisoma sifa hiyo kwenye matangazo ya kazi za mameneja.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa ndani ya kichekesho hicho kuna hoja iliyoanza kunikolea. Watetezi wa ugumu hudhani hisia ni ukungu, ukiupangusa unaona vizuri. Lakini mara nyingi hisia ni namna ya kunusa. Aliyeshtuka kwa habari ya Koko alikuwa amepata taarifa ambayo hesabu ya mishahara haikuwa nayo. Hata William James, aliyewagawa wanafalsafa mwaka 1907 katika kundi la “tough-minded” na la “tender-minded”, hakusema kundi moja ndilo lenye macho. Aliona kila kundi linalidharau jingine, na kwamba wengi wetu tunataka mema ya pande zote mbili.

MFASIRI: Niruhusuni nimtetee mtu wangu. Mwalimu amesema ugumu wa Washington haukumgharimu mwenye nao. Ule wa Hammett ulimgharimu. Mwaka 1951 aliitwa mahakamani New York kuhusu mfuko wa dhamana uliowatoa rumande wakomunisti walioshtakiwa, na baadhi yao wakatoroka. Wakamtaka awataje waliochangia. Akakataa, hata sahihi yake mwenyewe alikataa kuithibitisha. Alikuwa na miaka 57, mapafu yameliwa na kifua kikuu tangu ujana, na alifungwa miezi kadhaa. Hakutoa hotuba, alinyamaza tu. Ndiyo maana namsoma Spade na sioni maigizo. Ugumu wa hadithi zile unaanza na mpelelezi mwenyewe: anapigwa, ananyimwa fedha, anabaki peke yake, ndipo anapomwambia mwingine neno gumu.

Hapo nilisema yangu, kwa kuwa mwenyekiti naye ana kinywa. Sifa za ukoo huu zina shimo moja, hazisemi ugumu unamwangukia nani. “Hard-headed” ya Hammett ilimwangukia Hammett. Ile ya waraka ilimwangukia mwenye kiwanja wa bandari ndogo ambaye hatausoma maishani. Kiingereza kimewavika wote wawili koti moja. Ningependa tupige marufuku sifa hizi mpaka anayezitumia aongeze maneno mawili: kwa nani.

MCHUMI: Mwenyekiti, usikimbilie kupiga marufuku. Nyinyi wanaume watatu mnaujadili ugumu kama koti ambalo kila mtu anaweza kulivaa na kulivua. Wapo waliolivuliwa kwa nguvu. Mnamjua Ann Hopkins?

MWALIMU: Tueleze.

MCHUMI: Alifanya kazi Washington katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu na ushauri, Price Waterhouse. Mwaka 1982 alipendekezwa kuwa mbia, na kati ya watu 88 waliopendekezwa mwaka huo mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alikuwa amesaidia kuipatia kampuni mkataba wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wenye thamani ya dola milioni 25, na wateja wake walimsifu kwa kuwa imara na kusema bila kuzunguka. Sifa zenu zilezile! Ndani ya kampuni, mbia mmoja aliandika kwamba ana udume, mwingine kwamba anahitaji kwenda shule ya kufundishwa ulimbwende. Aliyepewa kazi ya kumweleza kwa nini uamuzi umeahirishwa akamshauri atembee kike, azungumze kike, avae kike, ajipodoe, atengeneze nywele, avae vito. Huo ndio ulikuwa ushauri wa kitaalamu kwa mtu aliyeleta milioni 25.

MFASIRI: Akafanya nini?

MCHUMI: Alishtaki. Tarehe 1 Mei 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji sita dhidi ya watatu, iliamua kwamba kumhukumu mtu kazini kwa picha ya namna mwanamke anavyopaswa kuwa ni ubaguzi wa kijinsia. Kesi ikarudishwa chini, na mwaka 1990 jaji akaamuru afanywe mbia. Alirudi 1991 katika kampuni ileile iliyomkataa. Huo nao ni ugumu, kurudi na kuketi meza moja na walioandika maneno yale.

MWALIMU: Nimemvulia kofia. Lakini nina swali lisilopendeza. Walio chini yake walisemaje?

MCHUMI: Najua unakoelekea. Ndiyo, kumbukumbu za kesi zinasema alikuwa mkali kwa wafanyakazi, na hata baadhi ya waliomuunga mkono walikiri hilo. Mahakama haikulificha.

MWALIMU: Basi kwa kipimo cha mwenyekiti, ugumu wake uliwaangukia wadogo.

MCHUMI: Sehemu yake, ndiyo. Na wangemwambia hilo, angekuwa na la kujibu au la kurekebisha. Lakini dawa waliyomwandikia ni hereni. Mwanamume mkali hupelekwa kozi ya uongozi, au haambiwi lolote na anaandikwa “no-nonsense”. Ofisini nilikowahi kukaa, nilipokata bajeti ya safari walisema nina roho ngumu, nyumbani kwangu sijui watoto wanaishije. Aliyenirithi, mwanamume, alikata zaidi. Wakasema sasa tumepata mtu wa kazi. Kwa hiyo, Mwalimu, wewe unaona sifa hii imegawiwa ovyo, upunguze wanaopewa. Mimi naona imegawiwa kwa upendeleo, na nataka sehemu yangu kwanza. Tukishakuwa nayo sote, tukae tuichambue.

MWALIMU: Hayo ni madai ya haki. Ila usiniambie nisubiri. Waraka wa 1991 haukunisubiri mimi.

Kwa muda walibishana juu ya nani aanze, na sitaandika yote. Nikiwa mwamuzi, ningempa mchumi pointi ya Hopkins na Mwalimu pointi ya Washington, na ningekataa kuzijumlisha, kwa sababu hazipimwi kwa mizani moja. Kisha Mwalimu akarudi ghafla Msumbiji.

MWALIMU: Binti yangu, nikuulize kitu kimoja, na usinijibu kama mchumi. Yule mtoto wa Nacala. Angekuwa wako, ungetaka mpira wa puani au dripu?

MCHUMI: Dripu. Ningemshika daktari koti asiondoke.

MFASIRI: Basi dada umeshindwa!

MCHUMI: Sijashindwa, kaka. Mzazi hapewi funguo za stoo ya dawa. Kazi yake ni kulia na kuomba, na asipofanya hivyo ndiyo tumwogope.

MWALIMU: Na mwenye funguo, siku mwanawe akiugua?

MCHUMI: Amkabidhi mwenzake funguo, aende akapange foleni.

MWALIMU: Nitajie mmoja aliyewahi kufanya hivyo.

MCHUMI: Wewe nitajie mmoja aliyewahi kuulizwa.